Kumpiga Picha Shetani Akila

Tangu nirudi, simu yangu haijapumzika. Wa Jordbro wanauliza, wa Södertälje wanauliza, na hata majirani zangu hapa Vårby gård, Sweden, ambao kwa kawaida tunaishia kusalimiana kwenye lifti, wamenisimamisha kuniuliza kama ni kweli nilikwenda hadi mwisho wa dunia kumtazama mnyama anayekula mizoga. Ni kweli. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akabaki na kipande chake, kwa hiyo nimeona niandike yote tangu mwanzo. Habari za tiketi na viza nitaziruka. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahishwa na habari za viza.

Wengi wenu mnanijua kama Mapendo, Mama Sifa anayepiga picha za harusi. Mnajua pia nilivyougua, ila kwa asiyejua nitasema kwa kifupi. Uvimbe uliniota kwenye taya. Madaktari walikata kipande cha mfupa wa taya, wakaziba pengo kwa mfupa waliouchukua mguuni kwangu. Nilipona, namshukuru Mungu, lakini uso ulibaki umeinama upande mmoja na mdomo haufunguki zaidi ya upana wa vidole viwili. Nikitafuna, natoa sauti. Basi nikaacha kula mbele za watu. Harusini nilijificha nyuma ya kamera mpaka sahani ziondolewe. Nyumbani nilisubiri Baba Sifa na binti yetu wamalize, ndipo nikale uji wangu jikoni nimesimama.

Aliyeianzisha safari hii ni yaya Zawadi, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Sisi wa Uvira dada mkubwa tunamwita yaya, na ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, sina jina lingine la kumwita. Mdogo wake, Byamungu, alipelekwa Tasmania, kisiwa cha Australia, kutoka kambi ya wakimbizi wakati yaya analetwa Sweden, na tangu hapo walikuwa wakionana kwenye simu tu. Siku moja Byamungu alimsimulia habari za mnyama wa huko. Mdogo, mweusi, kimo cha mbwa mfupi, jike lake lina mfuko wa kubebea watoto kama kangaruu, lakini anakula nyama na mifupa yake, manyoya na yote. Kwa sababu ya mayowe yake gizani, Wazungu wa kwanza walimwita shetani, na jina likabaki. Sasa wako hatarini kutoweka. Wanauawa na saratani ya uso, na wanaambukizana kwa kung'atana wakigombea chakula.

Yaya alipanda ngazi kuja kunisimulia, akafika katikati ya habari akanyamaza. Aliona aibu. Akaniomba msamaha, akasema hakuja kunitonesha. Mimi nilikuwa na swali moja tu: je, kuna aliyepona? Hakujua. Baada ya siku chache Byamungu alipiga simu. Alikuwa amemuuliza mkulima anayemuuzia mbuzi, naye akamwambia kwamba shambani kwake kuna jike mmoja ambaye uvimbe wake umenywea wenyewe, na watafiti wanaopita pale wanamshangaa. Hupona wachache sana, alisema, lakini huyo amepona.

Nikamwambia Baba Sifa kwamba nataka kwenda kumpiga picha akila. Akauliza kama kule ni joto au baridi ili ajue nitavaa nini.

Vårby gård hadi Arlanda

Jumapili kabla ya kuondoka tulikwenda ibadani Jordbro, na yaya akasimama wakati wa maombi kuomba kanisa lituombee. Mnaomjua yaya mnajua hazunguki. Alisema, "Tunaomba mtuombee safari. Mapendo anaenda kupiga picha shetani anapokula."

Mama mmoja wa Kiganda aliyekuwa mbele yangu alimvuta mtoto wake karibu. Mchungaji alishika kipaza sauti, akafikiri, halafu akauliza kwa upole, "Anakula nini?"

"Mizoga," yaya akajibu, na akaketi.

Maombi yale yalikuwa marefu kuliko yote niliyowahi kuombewa, hata nilipokuwa hospitali. Baadaye, kwenye kahawa, nilimweleza mchungaji kwamba ni mnyama tu, nikamwonyesha kwenye simu. Alimtazama vizuri, akasema anafanana na dubu mdogo, lakini maombi hayawezi kurudishwa, kwa hiyo nisafiri nayo.

Siku ya safari theluji ilianguka kana kwamba imelipwa. Ndege ilikaa uwanjani Arlanda huku magari yakiimwagia dawa ya kuyeyusha barafu mabawani, theluji ikaanguka tena, ikabidi kumwagia upya. Yaya alifungua kopo la maandazi ndani ya ndege iliyosimama, akamgawia Mswidi aliyekaa dirishani. Yule bwana alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akachukua mawili. Mimi nilisema sina njaa. Nilikuwa nayo.

Doha

Kwa sababu ya theluji ile tulifika Doha ndege yetu ya Melbourne imeshaondoka. Tukaambiwa tungoje nyingine hadi siku ya pili. Tulitafuta kona yenye zulia, yaya akalaza kichwa juu ya mkoba wake, mimi nikabaki nimekumbatia begi la kamera.

Nilikuwa na unga wa uji lakini sina maji ya moto. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma viti vya magurudumu vya abiria wagonjwa alitusikia tukizungumza, akaja kutusalimia. Alikuwa Mkenya wa Kakamega, anaitwa Wekesa. Nikamwambia kwamba nahitaji maji ya moto, na kwamba nisingependa kumwacha yaya wangu peke yake.

Wekesa alimtazama yaya, mwanamke mtu mzima, mvi zimemjaa, amelala na viatu mkononi. "Huyu ndiye yaya wako?"

"Ndiyo, ndiye yaya wangu. Tumetoka naye Sweden."

"Na watoto wako wapi?"

Nikamjibu kwamba nina mmoja, nimemwacha na baba yake. Niliona analipima jambo zito. Hatimaye akasema, kwa sauti ya chini ili asimwamshe, kwamba si kazi yake kuniingilia, lakini mama mwenye umri ule alistahili kupumzika, na kama watoto wameachwa Ulaya, yaya anaenda kumlea nani Australia?

Nikachelewa kuelewa. Kisha nikakumbuka kwamba kwao yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Nilicheka mpaka taya likauma, na yaya akaamka akitaka kujua kuna nini. Tulipomweleza alijinyoosha, akamwambia Wekesa, "Ni kweli, baba. Mtoto ninayemlea ni huyu hapa, na anasumbua." Wekesa alituletea maji ya moto kwenye chupa yake mwenyewe. Nilikoroga uji, nikaenda kuunywa chooni. Sasa naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nimesimama chooni, uwanja mkubwa namna ile, nakunywa uji nikiwa nimeupa mgongo mlango.

Melbourne

Kila mtu alikuwa ametuonya kuhusu Australia na vyakula. Yaya alibeba ndagala wakavu, wale dagaa wa kwetu, kwa ajili ya mdogo wake, na nilikuwa na hakika kwamba tutawaacha pale pale. Tulijaza fomu kwa uaminifu, tukapelekwa kwenye meza ndefu. Afisa, mwanamke mwenye sura kali, alifungua mfuko wa ndagala, harufu ikatanda. Akavisoma vibandiko vyote, akawageuza, akawafunga tena, akasema hao wapite.

Kisha akatoa kwenye mfuko wa pembeni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na maharage ya mbegu, yale mekundu yenye madoa meupe, ambayo mke wa Byamungu aliyaomba apande bustanini. Hayo hayakupita. Yaya aliomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiswidi chake chote. Afisa hakuwa mkali kweli. Alieleza pole pole kwamba mbegu moja inaweza kuleta ugonjwa wa kuharibu mashamba ya nchi nzima. Nilipomtafsiria, yaya alitulia. Alisema, "Kama ni ugonjwa, basi. Achukue."

Afisa akauliza tunakwenda kufanya nini Tasmania. Nikamwambia. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza, akaona kovu, nami nikajiandaa kwa yale macho yanayokimbia. Hayakukimbia. Aliniambia kwamba alipokuwa mtoto kule Tasmania babu yake alikuwa akiwaona mashetani wale hata uwanjani kwa nyumba, na yeye mwenyewe hajamwona wa porini tangu awe mtu mzima. "Nipigie na mimi moja," akasema, akatufungulia njia.

Stendi ya kamera haikuwa imetokea kwenye mkanda wa mizigo. Ilikuwa imebaki mahali fulani duniani. Niliandikisha, nikaambiwa itafuata. Mpaka leo inafuata.

Launceston

Nilipanga kupiga picha ya yaya na Byamungu wakikutana kwenye uwanja wa ndege wa Launceston. Nimepiga harusi nyingi, najua kulenga wakati wa machozi. Lakini mlango ulipofunguka, Byamungu hakukimbia wala kupiga kelele. Alikuja polepole, mtu mzima mwenye kitambi, akapiga magoti sakafuni mbele ya watu wote wa uwanja ule mdogo, akaishika miguu ya dada yake. Yaya akamwekea mkono kichwani na kuanza kutaja majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na Byamungu akiitikia kila jina. Kamera ilibaki shingoni kwangu. Kuna picha ambazo mtu huziacha zipite.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa ametupikia bugali, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga. Ndagala walipokelewa kwa vigelegele. Habari ya maharage ikapokelewa kwa kimya. Alinitengea sahani. Nikasema nilikula kwenye ndege. Mama Neema alitazama sahani, akanitazama mimi, akaifunika akaiweka pembeni. Baadaye nilimkuta amenipondea samaki wote, hakuna mwiba hata mmoja, na amelainisha bugali kwa mchuzi. Aliniacha jikoni nile peke yangu, akafunga mlango. Nilimshukuru, lakini mlango ule uliofungwa ulinichoma kidogo.

Shambani kwa Colin

Kesho yake Byamungu alituendesha kuelekea kaskazini magharibi, tukapita mashamba ya viazi na milima yenye ukungu, hadi pale barabara ya lami inapokwisha karibu na bahari. Njiani alisimama mara nyingi kunionyesha kangaruu wadogo waliogongwa na magari. Ndiyo sababu nyingine ya mashetani kufa, alieleza: wanakuja kula mzoga barabarani, nao wanagongwa. Colin, yule mkulima, huwa anaipakia mizoga ile na kuipeleka ndani ya shamba lake, mbali na magari, wale huko kwa amani.

Colin alikuwa mzee mrefu, mjane, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona akiivua. Alitupa chumba, akasema tukaribie chai saa kumi na mbili. Mimi na yaya tulifurahi. Chai naiweza. Yaya alisema tusimsumbue mzee wa watu, tukala ndizi na mkate wetu kwanza, mimi nikiwa nimempa mgongo, tukaenda kwa ajili ya chai. Kumbe kwao chai ni chakula cha jioni. Mezani palikuwa na paja zima la kondoo, viazi, maboga na mchuzi, na Colin amechana nywele pembeni mwa kofia yake. Hakukuwa na chai hata tone.

Yaya, ambaye tumbo lilikuwa limejaa, alikula sahani mbili kwa heshima. Mimi nilikata nyama vipande vidogo, nikavisukuma huku na huko, mwisho nikavificha chini ya boga. Colin aliona. Aliuliza kama kondoo ni mgumu. Nikasema hapana, mimi sili sana jioni.

Kibanda chake cha kutazamia wanyama kilikuwa juu ya kilima, cha mbao, kina dirisha moja refu. Mbele yake, hatua chache tu, alifunga mzoga wa kangaruu kwenye kigingi ili wasiukokote, na juu ya nguzo kulikuwa na taa hafifu ambayo wanyama wameizoea. Kando ya mzoga alificha kile kiredio ambacho wazazi huweka chumbani kwa mtoto mchanga wamsikie akilia, na kingine kikawa ndani pamoja nasi. Aliniambia nisitumie mwanga wa kamera, nisisimame ghafla, na nisiwe na haraka.

Jioni ya kwanza, jua lilipozama, alikuja mnyama mwingine, mdogo kama paka, kahawia mwenye madoa meupe. Naye ni wa ukoo ule ule wa wenye mfuko, naye anakula nyama, nao waliobaki ni wachache. Alikula kwa adabu, akajifuta uso, akaenda zake. Nilipata picha nzuri sana, na kwa mtu mwingine safari ingekuwa imeshalipa. Lakini jike aliyepona hakuja.

Jioni ya pili mvua ilinyesha kwa ubavu, kiredio kikatoa sauti ya maji tu. Tukiwa tumekaa, Colin aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa akilibeba tangu nifike. Hajamwona yule jike kwa wiki kadhaa. Ni mzee kwa umri wao, alisema, na huenda amekufa, na uvimbe huweza kurudi. Hakutaka kumwambia Byamungu kwenye simu kwa sababu tulikuwa tayari tumeshajiandaa kusafiri.

Nilirudi chumbani nikamweleza yaya. Nilisema tumesafiri dunia nzima kuja kuambiwa kwamba aliyepona amekufa. Yaya alikuwa kitandani anafuma kofia ya uzi. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, "Mapendo, wewe ulikuja kumwona yeye, au ulikuja kuambiwa kwamba utaishi? Kama ni kuambiwa, daktari wako alikwambia mwaka juzi. Hukumsikiliza."

Nililala na hasira, na asubuhi nilikuwa bado nayo kidogo.

Alfajiri

Ilibaki nafasi moja kabla ya Byamungu kuturudisha mjini. Colin alisema tujaribu alfajiri badala ya jioni, kwa sababu baada ya mvua wanyama huwa na njaa na huchelewa kurudi mapangoni. Yaya alinifungia kitu kwenye karatasi ya alumini, akanitia mfukoni bila kunieleza.

Tulikaa kibandani mbingu ikiwa bado kijivu. Kwa kuwa sikuwa na stendi, niliegemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele ambao Colin aliutoa stoo. Kwanza alikuja dume mmoja, mweusi tititi, mwenye mstari mweupe kifuani kama mtu aliyevaa tai ya mhudumu wa hoteli. Alirarua mzoga, na kiredio kikaanza kutuletea sauti ya mifupa ikivunjika, kraa, kraa, kana kwamba mtu anatembea juu ya matawi makavu. Nilipiga picha. Mikono yangu ilikuwa imetulia, kazi ni kazi.

Ghafla dume aliinua kichwa. Masikio yake, ambayo ni membamba, yakawa mekundu, mwanga ukipita ndani yake. Kutoka kwenye majani marefu alitoka mwingine, mdogo kuliko yeye, anachechemea. Colin alinigusa kiwiko. Upande wa kushoto wa uso wa yule mnyama ulikuwa umebonyea, hauna manyoya, ngozi imejikunja kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Jino moja lilikuwa limebaki nje hata mdomo ukiwa umefungwa.

Dume alifunua kinywa, kinywa kisicho na mwisho, akapiga yowe. Sasa najua kwa nini waliitwa mashetani, nywele zilinisimama. Yule jike hakurudi nyuma. Alifunua chake. Hakikufunuka kama cha dume, kilikwenda upande, nusu tu, na ndani ya nusu hiyo alitoa yowe lililomfanya Colin mwenyewe ajisogeze kitini. Kisha akageuka, akampiga dume kikumbo kwa makalio, hivi hivi, kama mama sokoni anayepita kwenye foleni. Dume alisogea. Jike akaweka miguu yote miwili ya mbele juu ya mzoga na kuanza kula.

Alikula vibaya. Hakuna neno lingine. Alitafuna kwa upande mmoja, vipande vikimdondoka, akiviokota tena, anapiga kelele za kunyonya na kuvunja, povu na damu vikimchuruzika kwenye lile kovu. Na alikula kila kitu. Ngozi, mbavu, hata mguu wa kangaruu ulizama kidogo kidogo mpaka kucha zikapotea. Jua lilichomoza nyuma yake wakati anainua kichwa kumeza, mvuke ukimtoka kinywani, akatazama moja kwa moja dirishani. Hapo ndipo nilipompiga ile picha.

Nilijua nimeipata. Wapiga picha mtanielewa: mtu anajua hata kabla ya kuitazama. Nikaweka kamera juu ya mfuko wa mchele. Nilikuwa na njaa. Si njaa ya kawaida; njaa kama ya miaka. Nilitoa karatasi ya yaya mfukoni. Ndani mlikuwa na paja la kuku la kuchoma, zima, na mfupa wake. Hakuwa amelikata. Hakuwa amelilainisha.

Nikalila. Niliingiza nyama kwa pembeni, nikavuta, nikatafuna upande mmoja, mafuta yakanitiririka hadi kidevuni, taya likilia kama bawaba kavu. Nje yeye anavunja mbavu, ndani mimi napambana na kuku, na kiredio kikituletea sauti yake juu ya yangu. Machozi yalinitoka lakini sikuacha kula. Nilipofika kwenye mfupa ndipo nilipomkumbuka Colin. Nikageuka. Alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa akinitazama muda mrefu.

"Kondoo wangu amebaki jikoni," akasema. "Kama kuku hakutoshi."

Tuliporudi nyumbani, yaya alikuwa amesimama uani na kitenge mabegani. Aliona kidevu changu kinachong'aa mafuta, hakuuliza habari za shetani. Colin alitoa lile paja la kondoo la baridi, tukaketi wote watatu, na Byamungu alipofika kutuchukua alitukuta bado mezani, saa tatu za asubuhi, tunakula nyama kwa mikono. Akavuta kiti. Nilikula kwa sauti. Hakuna aliyehama.

Kurudi

Yaya alibaki Launceston na mdogo wake hadi mwisho wa kipindi chake cha viza; mnaomtafuta, atarudi. Kuagana kwetu sitakusimulia, nilikwambieni kuna picha za kuacha zipite. Nilisafiri peke yangu, na kwenye ndege ya kutoka Melbourne nilipoletewa trei ya chakula nilikula pale pale kitini, na bibi wa pembeni akaniuliza tu kama nitamaliza siagi yangu.

Yule afisa wa meza ndefu sikumkuta nilipopita Melbourne, lakini nilimwachia mwenzake picha niliyoichapisha Launceston, na nikaombwa niandike nyuma yake kwamba mnyama huyu ni mzima.

Nilifika Vårby gård theluji imegeuka tope. Baba Sifa alikuwa amepika wali na nyama ya ng'ombe, na uji kwenye sufuria ndogo. Nilisogeza uji pembeni nikapakua wali, nikaketi mezani kati yao. Sifa, ambaye siku hizi hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwita jina, alisikiliza ninavyotafuna, akanitazama, akamtazama baba yake, kisha akasema kwa Kiswidi kwamba natoa sauti. Baba Sifa aliinamisha uso kwenye sahani. Nikasema ndiyo, natoa, na nikamwomba anipe kipande kile chenye mfupa.

Picha tumeichapisha kubwa, iko sebuleni juu ya kochi, pale palipokuwa na picha ya harusi yetu, ambayo Baba Sifa mwenyewe aliihamishia chumbani. Juzi Sifa alikuja na rafiki yake wa shule. Nilikuwa jikoni, nikamsikia yule binti akisimama mbele ya picha, akashtuka, akauliza ni mnyama gani huyo wa kutisha, na uso wake umefanywa nini.

Sifa alimjibu kwa Kiswahili kwanza, kisha akakumbuka mwenzake hakijui, akarudia kwa Kiswidi.

"Aliumwa, akapona," alisema. "Mama yangu alikula naye asubuhi."